Sikukuu Zinapoangukia Gizani

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliokubali kutoka nje katika baridi hii ili kuwa pamoja nasi, kina mama na kina baba, vijana na watoto, nawasalimu nyote kwa heshima.

Nilipoombwa kuzungumza jioni hii niliambiwa nichague jambo linaloendana na msimu, nami nilielewa kwamba yaliyotarajiwa kutoka kwangu ni maneno ya heri, ya shangwe na ya kutakiana mema. Maneno hayo ninayo na sitawanyima. Lakini nimeona ni haki yenu kuambiwa pia kwamba mimi ninayesimama mbele yenu huupokea mwezi wa Desemba nikiwa na mioyo miwili: mmoja unaoingoja sikukuu kama mtoto anavyoingoja, na mwingine unaotamani mwezi huu upite upesi, ikiwezekana upite usiku nikiwa nimelala. Nina hakika si mimi peke yangu katika ukumbi huu. Ninataka tuizungumzie hali hiyo, si kama ugonjwa wala kama utovu wa shukrani, bali kama jambo la kweli ambalo tumelinyamazia mno baina yetu.

Niruhusuni nianze na baridi yenyewe, au niseme nianze na giza, kwa sababu baridi ina koti na giza halina.

Lugha tunayoizungumza imehesabu saa zake kwa jua la ikweta. Jua likichomoza tunaanza kuhesabu, na baada ya muda wa saa moja tunasema ni saa moja. Likizama huwa ni saa kumi na mbili jioni, na hesabu inaanza upya. Mpangilio huo unasema kweli mahali ambapo mchana na usiku hugawana siku karibu nusu kwa nusu mwaka mzima. Mtu aliyelelewa ndani ya hesabu hiyo haioni kuwa ni hesabu. Huiona kuwa ndiyo siku yenyewe. Kisha anahamia kaskazini, na Desemba yake ya kwanza inamwonyesha kwamba maneno aliyoyachukua utotoni yalikuwa na mkataba na jua, na kwamba mkataba huo haufiki kila mahali. London, karibu na tarehe 21 Desemba, hupata mchana wenye urefu wa chini kidogo ya saa nane. Stockholm hupata takriban saa sita. Reykjavik hupata saa nne na dakika chache. Na huko Tromsø, kaskazini mwa Norwe, jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Inapofika adhuhuri huonekana mwanga wa buluu unaofanana na wa alfajiri, kisha giza linarudi lilikotoka. Alasiri na magharibi, ambazo tuliziweka mbali kiasi cha mtu kumaliza shughuli zake na kurudi nyumbani, husogeleana hadi kukaribia kugusana. Waislamu waliomo humu wanalijua hilo kuliko yeyote, kwa kuwa sala tatu za mchana hubanana ndani ya saa chache, na mtu aliye kazini hujikuta akiomba ruhusa mara mbili kabla hajamaliza kazi moja. Nakumbuka mwaka wangu wa kwanza nilipigiwa simu na dada yangu, akaniuliza huku ni saa ngapi, nikamjibu ni saa kumi. Kwa jinsi sauti yangu ilivyokuwa nzito, akaomba radhi kwa kuniamsha usiku. Ilikuwa saa kumi jioni, nami nilikuwa nimekaa gizani bila kuwasha taa, kwa sababu sikuwa nimegundua kwamba siku imekwisha.

Wengi wetu hudhani baridi huja kwa sababu dunia imekwenda mbali na jua. Mambo yako kinyume: mwanzoni mwa Januari dunia huwa karibu na jua kuliko wakati wowote wa mwaka, takriban kilomita milioni 147, na mwanzoni mwa Julai huwa mbali zaidi, takriban kilomita milioni 152. Kinacholeta majira ni mwinamo wa mhimili wa dunia, wa nyuzi 23.4 hivi, unaofanya mwanga uifikie nusu ya kaskazini kwa mshazari, ukatandazwa juu ya eneo kubwa na kwa muda mfupi. Nilipolielewa jambo hilo nilipata utulivu ambao sikuutarajia. Jua halijatukimbia, sisi ndio tuliogeuziwa upande. Najua kwamba maelezo ya namna hiyo hayapashi mikono joto, lakini mtu anayedhani ameachwa na mtu anayejua amegeuziwa upande tu hawalali usingizi mmoja.

Sasa, giza hilo haliishii dirishani. Ndani ya jicho mna seli ambazo kazi yake si kutuonyesha vitu bali kuuarifu ubongo kama ni mchana au usiku, na kwa habari hizo ubongo hupanga saa za kulala na kuamka na huamua lini homoni ya usiku, melatonini, itolewe na lini izuiwe. Mwanga ukichelewa asubuhi, habari hizo huchelewa. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake nchini Marekani waliandika kuhusu watu waliokuwa wakipatwa na sonona kila majira ya baridi na kupona kila majira ya kuchipua: walilala kupita kiasi na bado wakaamka wamechoka, walitamani vyakula vya wanga na kunenepa, waliepuka watu, na mambo waliyoyapenda yalipoteza ladha. Watafiti hao waliwaweka mbele ya taa kali, na wengi wakapata nafuu. Tangu hapo tiba ya mwanga imeenea, na kipimo kinachotumika sana ni taa ya luksi 10,000 (luksi ni kizio cha kupimia ukali wa mwanga) kwa muda wa nusu saa hivi, asubuhi. Taa za sebuleni kwa kawaida hazifiki hata luksi mia chache, ilhali nje, hata chini ya mawingu ya Desemba, saa za adhuhuri huweza kutupatia mwanga mwingi zaidi ya huo mara nyingi. Kwa hiyo anayetoka kutembea adhuhuri, hata akiona mbingu ni kijivu tupu, anaupa mwili wake kitu ambacho sebule haina.

Nimelieleza hilo kwa kirefu kwa sababu ya namna tunavyosemana. Mtu wetu akilala sana Desemba, asipopokea simu, akikosa kuonekana kwenye shughuli, husemwa kuwa ni mvivu, au kwamba imani yake imepungua, au kwamba ugenini umemshinda. Nimewahi kuyasema maneno hayo juu ya mtu mwingine kwa kinywa changu mwenyewe, na ninayajutia. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na ambaye mwili wake unastahimili giza hamjui ambaye mwili wake hauwezi. Hali hiyo ina jina, ina tiba, na ni ya kupelekwa kwa daktari, hasa pale inapodumu kwa majuma na kumzuia mtu asifanye kazi wala kula wala kulala ipasavyo.

Pamoja na hayo yote sitakubali kuitukana theluji. Nimesema nina mioyo miwili, na huu ndio upande wa pili. Tuna maneno mawili ya mambo haya, theluji na barafu. La kwanza tumelipata kwa Waarabu na la pili kwa Waajemi, ambao kwao neno hilo la barf ni theluji yenyewe inayodondoka. Maneno yalitufikia kwa bahari, kutoka kwa watu waliokuwa wameviona vitu vyenyewe, na wengi wetu tuliyatamka miaka mingi kabla hatujayagusa. Siku nilipoyagusa kwa mara ya kwanza kilichonishangaza hakikuwa baridi bali ukimya. Theluji mpya ni hewa kuliko ilivyo maji. Katikati ya chembe zake mna nafasi nyingi mno, na nafasi hizo humeza sauti. Barabara iliyokuwa ikivuma usiku kucha iliamka imenyamaza kama nyumba yenye mtoto mchanga. Nilisimama mlangoni muda mrefu. Huzuni yangu ya wiki nzima ilikuwapo bado, haikuondoka hata kidogo, lakini kwa mara ya kwanza niliona kwamba inaweza kukaa pamoja na kitu kizuri pasipo kimoja kukifukuza kingine.

Yuko mtu mmoja ambaye ninamkumbuka kila theluji inapoanza, mkulima wa kijiji cha Jericho katika jimbo la Vermont nchini Marekani, aliyeitwa Wilson Bentley. Mwaka 1885, akiwa kijana wa miaka 19, aliunganisha kamera na hadubini na kufanikiwa kupiga picha ya chembe moja ya theluji. Hakuacha. Majira ya baridi baada ya majira ya baridi alisimama katika banda lisilo na moto, kwa kuwa joto lolote lingeharibu kazi yake, akizidaka chembe hizo na kuzipiga picha kabla hazijatoweka, hadi akakusanya picha zaidi ya 5,000. Majirani zake walikuwa na ng'ombe wa kukamua na kuni za kupasua, na kwao theluji ilikuwa kazi ya koleo. Yeye aliiona kuwa ni kitu kinachopotea ambacho mtu anapaswa kukitazama kabla hakijapotea. Alifariki tarehe 23 Desemba 1931, siku mbili kabla ya Krismasi, kwa nimonia iliyompata baada ya kutembea katika dhoruba ya theluji. Sioni kwamba kifo hicho kinabatilisha mapenzi yake, wala kwamba mapenzi yake yanakifanya kifo hicho kiwe chepesi. Vyote viwili ni kweli kwa mtu mmoja. Ninapowasikia watu wakibishana kama baridi ni nzuri au ni mbaya, wakitaka jibu moja, hufikiri juu ya banda lile lisilo na moto.

Nije sasa kwenye sikukuu, maana hapo ndipo penye jeraha.

Kama kungekuwa na giza na baridi peke yake, tungevumilia, kama tunavyovumilia mvua. Linalotulemea zaidi ni kwamba katikati ya giza hilo tunatakiwa kufurahi, na kufurahi kwa tarehe maalumu, hadharani. Furaha imegeuzwa kuwa deni. Na kwa kuwa dawa ya deni ni kulipa, wengi wetu, tusipokuwa nayo mfukoni, hulipa kwa sarafu bandia: tabasamu la kazini, picha ya familia iliyopigwa mara saba hadi kila mtu akaonekana amefurahi, salamu za heri zinazotumwa kwa watu mia moja kwa kubonyeza mara moja. Sisemi kwamba salamu hizo ni za uongo. Nasema kwamba mtu aliyelipa kwa namna hiyo hurudi chumbani kwake akiwa amechoka kuliko alivyotoka.

Baba yangu alifariki mwezi wa Desemba. Habari ilinifikia kwa simu, alfajiri, na asubuhi hiyohiyo nilikwenda kazini kwa sababu sikujua la kufanya na miguu yangu. Kwenye lifti ya jengo ninamoishi nilikutana na jirani yangu, mama mtu mzima ambaye tulikuwa tukisalimiana tu, akaniambia, “Nakutakia sikukuu njema yenye furaha,” nami nikamjibu vivyo hivyo, kwa sauti changamfu. Tuliendelea kutakiana furaha kwa wiki tatu, asubuhi na jioni, kwa adabu kamili. Ilikuwa Februari, theluji imekwisha kuwa tope barabarani, ndipo nilipogundua kwamba wiki hizohizo tatu mume wake alikuwa amelazwa hospitalini na kwamba hakurudi. Watu wawili waliofiwa walipanda lifti moja karibu kila siku, wakasimama bega kwa bega, na kila mmoja alimkinga mwenzake asiuone msiba wake. Nilipomwambia habari za baba yangu alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, “Laiti ungeniambia, tungekaa pamoja.” Hakusema tungelia, wala tungefarijiana, alisema tungekaa. Nimekuwa nikilibeba neno hilo tangu siku ile, na kwa kweli ndilo lililonileta hapa mbele yenu.

Waliofiwa si wao peke yao. Wako wanaofanya kazi usiku wa mkesha ili wengine wakae mezani: wauguzi, madereva, walinzi, wanaosafisha barabara za barafu kabla hatujaamka. Wako walioachana mwaka huu na wanagawana watoto kwa saa, asubuhi kwa mmoja na jioni kwa mwingine. Wako ambao sikukuu hii si yao kwa imani, na wanapita katikati yake kama mgeni anavyopita uani mwa watu wenye harusi, akiwatakia heri kwa dhati huku hajui aweke wapi mikono. Na wako ambao ni yao lakini si kwa siku hii, kama ndugu zetu wa makanisa yanayofuata kalenda ya Juliasi, ambao Krismasi yao huangukia tarehe 7 Januari, taa za mitaani zikiwa zimeanza kushushwa. Wako pia walioko mbali na jamaa zao, ambao simu za mwezi huu huwafikia zikiwa na upendo na mahitaji ndani ya sentensi moja, na ambao huona haya kusema kwamba mwaka umekuwa mgumu huku nako.

Gharama ya ukimya huu si ya moyo tu kwa maana ya hisia. Mwaka 2004 David Phillips na wenzake walichapisha utafiti wa vifo nchini Marekani na kuonyesha kwamba vifo vya maradhi ya moyo hupanda kuzunguka Krismasi na Mwaka Mpya kuliko siku nyingine zozote za mwaka, na kwamba baridi peke yake haitoshi kueleza mpando huo. Moja ya sababu walizozitaja kuwa zinawezekana ni kwamba watu huchelewa kutafuta matibabu siku za sikukuu. Mwenye maumivu ya kifua hataki kuharibu chakula cha watu. Anasema ni gesi, anasema nitakwenda keshokutwa. Nawasihi, wazee wangu hasa, msimfanyie mtu yeyote adabu ya namna hiyo. Na kwa kuwa nimegusa afya, niongeze jambo moja la haraka: jiko la mkaa lisiingizwe ndani kwa ajili ya kupasha nyumba joto, hata kwa saa moja, hata dirisha likiwa wazi kidogo, kwa sababu hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi na huua watu usingizini.

Kuna imani iliyoenea kwamba watu wengi zaidi hujiua wakati wa Krismasi. Takwimu za nchi nyingi za kaskazini hazisemi hivyo. Émile Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa, alikwisha kuonyesha mwaka 1897 kwamba katika Ulaya ya wakati wake idadi hiyo ilikuwa ndogo zaidi katika miezi ya baridi na ilipanda siku zilipokuwa zikirefuka, na kilele cha majira ya kuchipua kimeonekana tena na tena baada yake. Nalileta jambo hili si ili tupunguze uangalizi wetu Desemba, bali ili tuuongeze baadaye. Tunamtembelea mpweke wiki ya sikukuu, tunampelekea chakula, kisha Machi, jua likirudi na sisi tukiwa tumechangamka, tunadhani na yeye amechangamka. Huenda huo ndio wakati wa kubisha hodi mara ya pili.

Mtu anaweza kuniuliza: je, unataka tusherehekee kwa nyuso za matanga? La, hata kidogo. Mimi naipenda sikukuu hii. Ninachokataa ni dhana kwamba sikukuu na simanzi haviwezi kuketi meza moja, kwa sababu historia yake yenyewe haikubaliani na dhana hiyo. Kumbukumbu ya zamani zaidi tuliyo nayo ya Wakristo kuiadhimisha tarehe 25 Desemba inatoka Roma, mwaka 336. Kwa hesabu ya kimapokeo ya Warumi tarehe hiyo ndiyo iliyokuwa siku fupi kuliko zote, jua linapogeuka. Wako wanahistoria wanaosema ilichaguliwa kwa sababu hiyo, na wako wanaosema ilipatikana kwa kuhesabu miezi tisa tangu tarehe 25 Machi, iliyodhaniwa kuwa siku ya kutungwa mimba ya Yesu. Vyovyote iwavyo, sikukuu iliangukia chini kabisa ya shimo la giza, na walioisherehekea hawakuwa na umeme wa kuwasahaulisha walipo. Waliwasha taa kwa sababu palikuwa na giza, wala hawakuambiana kwamba giza halipo.

Fikirini pia Desemba ya mwaka 1914, miezi mitano hivi tangu vita vikuu vya kwanza vianze. Katika baadhi ya sehemu za mstari wa mbele, huko Ubelgiji na kaskazini mwa Ufaransa, askari wa Uingereza na wa Ujerumani walitoka mahandakini wakakutana katikati, wakapeana mikono na kubadilishana zawadi ndogondogo. Hadithi hiyo husimuliwa kila mwaka, na husimuliwa kwa furaha. Huachwa sana ile sehemu yake inayonigusa mimi: kwamba mahali pengine kilichowakutanisha ni kuzika maiti waliokuwa wamelala katika uwanja uliokuwa baina yao. Walichimba ardhi iliyoganda, kisha ndipo wakapeana zawadi. Mahali pengine mapigano hayakusita hata siku hiyo, na vita viliendelea hadi Novemba 1918. Wale waliosimama katika uwanja ule hawakuwa wamesahau kilichokuwa kikiendelea. Makaburi yalikuwa mapya miguuni pao. Nadhani ndiyo maana zawadi zile zilikuwa na uzito.

Kuna jambo dogo la anga ambalo limenisaidia kuliko mawaidha mengi, na ningependa mwondoke nalo. Tumezoea kusema kwamba tarehe 21 au 22 Desemba ndiyo siku fupi, na kwamba baada yake mambo huanza kuwa mazuri. Lakini siku haifupiki sawasawa pande zote mbili. London, jua huzama mapema kuliko siku zote karibu na tarehe 12 Desemba, dakika chache kabla ya saa kumi jioni. Kuanzia hapo jioni huanza kurudi, sekunde kwa sekunde, kabla hata siku fupi yenyewe haijafika. Asubuhi, kwa upande wake, huendelea kuchelewa hadi karibu na Mwaka Mpya. Kwa majuma mawili na ushei, basi, siku ileile moja inapata upande mmoja na kupoteza upande mwingine, na sikukuu zetu zimo katikati ya majuma hayo hayo. Na baridi haifuati hesabu hiyo hata kidogo: ardhi na bahari huendelea kupoteza joto, hivi kwamba Januari na Februari, mwanga ukiwa tayari unarudi, mara nyingi ndiyo miezi ya baridi kali zaidi. Mwanga unaongezeka na baridi inakaza kwa pamoja. Hakuna anayeiambia siku ichague. Nimeona kwamba ninaweza kujiruhusu mimi mwenyewe kile ninachoiruhusu siku: kufurahi mtoto wangu anapofungua zawadi yake, na dakika hiyohiyo kuona mahali ambapo baba yangu angekaa, bila kuharakisha kukifunika kimoja kwa kingine.

Ndugu Mwenyekiti, kabla sijapanda hapa nilikuomba jambo moja, nawe ukakubali, nami nashukuru. Chakula kiko tayari na watoto wamesubiri vya kutosha, kwa hiyo halitachukua zaidi ya robo saa. Muziki utasubiri na taa zitabaki kama zilivyo. Aliye na mtu anayemkosa msimu huu, awe amefariki, awe yuko mbali, awe wamekosana, anaweza kumtaja kwa jina, au kwa udugu wao tu, akiwa amekaa palepale alipo. Asiyetaka kusema asiseme, wala asitazamwe. Mwenye furaha tupu mwaka huu, naye tunaihitaji furaha yake, aitaje vilevile: mtoto aliyezaliwa, mgonjwa aliyepona, kibali kilichotoka. Hatutajibu neno lolote wala kutoa mawaidha kwa yeyote. Tutakaa.

Nitaanza mimi. Baba yangu, fundi seremala, ambaye hakuwahi kuiona theluji na aliniomba kila mwaka nimweleze inafananaje.